Chango si Ugonjwa Mmoja: Sindano na Dawa za Kichina kwa Akina Mama



Mwezi huu tunajibu swali ambalo akina mama wa Gungu wametuuliza mara nyingi, kliniki na hata njiani baada ya Misa. "Nesi, hizi dawa za Kichina zinazotibu chango ni za kweli? Na zile sindano nyembamba, je, zinaweza kufungua kizazi?" Wengine huuliza wakiwa wamekwisha kununua. Hufungua mkoba na kutoa pakiti ya unga wa kahawia, au chupa ya vidonge vyeusi vya mviringo, yenye maandishi ambayo sisi wala wao hatuwezi kuyasoma. Mwingine ametumia fedha ya ada ya mtoto. Mwingine amekopa kwenye kikundi.

Swali hili linastahili jibu kamili. Hatutasema kwamba kila kitoka China ni uongo, kwa sababu si kweli. Wala hatutasema kwamba kila kilichoandikwa "asilia" ni salama, kwa sababu hilo nalo si kweli. Tutaeleza tiba hii ni nini, inasaidia wapi, inashindwa wapi, na kwa nini mama asiitumie kabla hajajua anaumwa nini.

TIBA HII ILIVYOTUFIKIA

Madaktari wa Kichina si wageni katika nchi yetu. Timu ya kwanza ilifika Zanzibar mwaka 1964, na Tanzania Bara mwaka 1968. Waliokuja Zanzibar walitoka jimbo la Jiangsu, na waliokuja Bara walitoka jimbo la Shandong. Walifanya kazi katika hospitali za serikali, na baadhi yao walifika mpaka Tabora, ambako reli yetu ya Kigoma inapita. Wazee wengi bado wanakumbuka madaktari hao waliokuwa wakichoma sindano za maumivu ya mgongo na magoti.

Mwaka 1987 wataalamu wa China na wenzao wa Muhimbili walianza kushirikiana kujaribu dawa za mitishamba ya Kichina kwa wagonjwa wa UKIMWI. Kisha mwaka 1991 serikali iliruhusu tena huduma binafsi za tiba, zilizokuwa zimepigwa marufuku tangu mwaka 1977. Ndipo kliniki za Kichina za watu binafsi zilipoanza kufunguliwa Dar es Salaam na kwingineko. Baada yake wakaja wauzaji wa vidonge na pakiti, ambao siku hizi hupita nyumba kwa nyumba, hukaa sokoni, au hutangaza kwa simu.

Hapa kuna jambo la kuangalia kwa makini. Madaktari wa zile timu za serikali walikuwa na wapasuaji, wataalamu wa magonjwa ya wanawake na wataalamu wa dawa za usingizi. Walipima kwanza, wakatibu baadaye. Huko kwao China mama anayetokwa na damu hupimwa damu na altrasaundi, na hupasuliwa ikibidi. Sindano na mitishamba hufanya kazi pembeni ya vipimo hivyo. Muuzaji anayekuletea pakiti mlangoni amechukua nusu ya tiba ya Wachina, na nusu nyingine ameiacha huko huko.

WACHINA WANAVYOELEZA UGONJWA

Tiba hii ni ya zamani sana. Katika karne ya saba tabibu mmoja wa China aitwaye Sun Simiao aliandika kitabu kikubwa cha tiba, na magonjwa ya wanawake akayatanguliza mbele ya mengine. Kwa mafundisho hayo, mwilini mna nguvu inayotembea iitwayo chi, ambayo hupita kwenye njia zake pamoja na damu. Vikitembea vizuri mtu ni mzima. Vikikwama, maumivu huanza. Tabibu huuliza habari za hedhi, hutazama ulimi, hushika mshipa wa mkono, kisha huchagua mahali pa kuchoma sindano au mizizi ya kuchemsha.

Sindano zenyewe ni nyembamba kama unywele mnene, na hazina dawa ndani. Huchomwa mguuni, tumboni, mkononi au mgongoni, na huachwa kwa muda wa dakika ishirini au thelathini. Wakati mwingine huunganishwa na umeme mdogo. Wengine huchoma majani makavu ya moksa, mmea wa jamaa moja na pakanga, ili joto lake lifike kwenye ngozi. Wengine hutumia vikombe vya kunyonya ngozi, jambo lisilo geni kwa watu wa Ujiji, kwa maana wazee wetu waliumika kwa pembe tangu zamani.

Baadhi ya waumini wameuliza kama sindano hizi ni uchawi. Sindano yenyewe haina tambiko wala kafara. Ni kifaa cha chuma kinachoamsha mishipa ya fahamu, na wanasayansi wameona kwamba kuichoma kunaweza kuufanya mwili utoe kemikali zake za kutuliza maumivu. Hivyo tuipime kama tunavyopima tiba nyingine yoyote: inasaidia nini, na ina hatari gani?

CHANGO NI NINI?

Kabla ya kujibu, tuangalie neno letu wenyewe. Mama akisema "nina chango", anaweza kuwa na maana ya maumivu ya hedhi, au tumbo la chini linalovuta, au kutopata mimba, au mimba zinazotoka. Wauzaji wa dawa wanalipenda sana neno hili, kwa kuwa ukisema chango, pakiti moja inatosha. Lakini kwa daktari chango si ugonjwa mmoja. Nyuma ya neno hilo moja mnaweza kujificha magonjwa mengi yasiyofanana:

1. Maumivu ya kawaida ya hedhi. Mfuko wa uzazi hutoa kemikali ziitwazo prostaglandini, zinazoufanya ujikaze ili kutoa damu. Msichana mwenye kemikali hizi kwa wingi huumwa sana, ingawa kizazi chake hakina kasoro yoyote.

2. Uvimbe kwenye mfuko wa uzazi, uitwao faibroidi. Huleta hedhi nyingi yenye mabonge na upungufu wa damu.

3. Endometriosisi, yaani tishu zinazofanana na za ndani ya mfuko wa uzazi kuota nje yake. Maumivu yake huongezeka mwaka hata mwaka.

4. Maambukizo ya via vya uzazi, mara nyingi kutokana na klamidia au kisonono. Yasipotibiwa huziba mirija, na mama hukosa mtoto.

5. Mimba iliyotunga nje ya kizazi. Hii huweza kuua katika muda wa saa chache.

6. Saratani ya mlango wa kizazi.

Sasa fikirini, wasomaji. Wa kwanza katika orodha hii anahitaji dawa ya maumivu na maji ya moto. Wa nne anahitaji antibiotiki yeye pamoja na mumewe. Wa tano anahitaji upasuaji leo hii. Inawezekanaje pakiti moja iwatibu wote? Neno la Kichina chi na neno letu chango yanafanana kwa jambo hili: yote mawili yanataja maumivu vizuri, lakini hayatuambii ni yapi kati ya magonjwa haya sita.

SINDANO: ZINAPOSAIDIA NA ZISIPOSAIDIA

Tuanze na maumivu ya hedhi. Mwaka 2016 watafiti walikusanya pamoja majaribio 42 ya sindano kwa wanawake wenye maumivu hayo. Katika baadhi ya majaribio waliochomwa sindano walipata nafuu kuliko waliokaa bila tiba. Lakini majaribio mengi yalifanywa kwa udhaifu, na watafiti hawakuweza kusema kwa hakika kwamba nafuu ilitokana na sindano. Kwa hiyo msichana aliyepimwa na kukutwa hana ugonjwa mwingine, akisema sindano zinamtuliza, hatuna sababu ya kumkataza. Tunamfahamu mwalimu mmoja wa hapa mkoani aliyechomwa akiwa masomoni Dar es Salaam, naye anasema siku zake zimekuwa nyepesi. Ila alipimwa kwanza.

Liko jambo jingine ambalo sindano zimeonyesha faida. Akina mama wengi waliozaa mara nyingi huvujwa na mkojo wanapokohoa, kucheka au kuinua ndoo. Huona aibu wakanyamaza. Mwaka 2017 yalitangazwa majaribio yaliyofanyika China kwa wanawake 504 wenye shida hii. Waliochomwa sindano zenye umeme mdogo mara 18 katika majuma sita walivuja mkojo kidogo kuliko waliochomwa sindano za kuiga. Jambo hilo ni jema. Lakini mama anayetokwa na mkojo mfululizo, usiku na mchana, tangu alipojifungua kwa shida, huyo huenda ana fistula, yaani tundu kati ya kibofu na uke. Tundu hilo halizibwi na sindano wala mizizi. Hushonwa na daktari, na akina mama wengi wamepona kwa njia hiyo.

Tuje kwenye kutafuta mtoto, mahali ambapo fedha nyingi hupotea na machozi mengi humwagika. Wachina wenyewe walilichunguza jambo hili kwa uaminifu. Walichukua wanawake 1,000 ambao mayai yao hayakuwa yakikomaa kwa sababu ya vifuko vingi vya maji katika ovari. Wengine walipewa klomifeni, kidonge cha kawaida cha hospitali cha kukomaza mayai, pamoja na sindano za kweli. Wengine walipewa klomifeni pamoja na sindano za kuiga. Matokeo yalitangazwa mwaka 2017. Kwa kila wanawake 100, waliojifungua walikuwa 29 katika kundi la kwanza na 28 katika kundi la pili. Waliopata sindano bila klomifeni, ziwe za kweli au za kuiga, hawakufika hata 17. Kilichosaidia ni kidonge. Mwaka 2018 yakatangazwa majaribio mengine, ya Australia na New Zealand, kwa wanawake 848 waliokuwa wakitungishiwa mimba maabara. Huko nako sindano hazikuongeza idadi ya watoto waliozaliwa.

Basi anayekuambia "sindano kumi na mbili, na mwezi wa tatu utashika mimba", anaahidi jambo ambalo Wachina wenyewe walilitafuta wasilione.

DAWA ZA MITISHAMBA

Hapa tuwe waangalifu kwa pande zote mbili. Dawa ya mseto ya malaria ambayo nchi yetu ilianza kuitumia kama dawa ya kwanza mwaka 2006 ina asili ya mmea wa Kichina, ndugu wa pakanga. Mtafiti Tu Youyou aliusoma katika kitabu cha kale cha tiba za Kichina, na mwaka 1972 yeye na wenzake wakaitenga dawa yenyewe. Mwaka 2015 alipewa tuzo ya Nobel. Watoto wengi wa Kigoma wako hai kwa sababu ya mmea huo. Lakini tazameni njia uliyopita: ulitafutwa, ukachujwa, ukapimwa kipimo chake, ukajaribiwa kwa wagonjwa, ndipo ukatolewa kwa watu. Pakiti ya unga isiyo na jina haijapita njia hiyo.

Na mmea ukikosewa, huua. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, katika mji wa Brussels nchini Ubelgiji, madaktari walishangaa kuona wanawake wasio wazee wanafika figo zikiwa zimekufa. Walipochunguza wakakuta wote walipitia kliniki moja ya kupunguza unene, wakapewa vidonge vyenye mitishamba ya Kichina. Mzizi uliokusudiwa unaitwa fang ji. Ulioingia kwenye vidonge ni mwingine wenye jina linalofanana, guang fang ji, ambao una sumu kali ya figo. Wanawake takribani 100 waliumia. Wengine waliwekewa figo za watu wengine, na baadaye baadhi yao walipata saratani ya njia ya mkojo. Hayo yalitokea katika nchi yenye maabara nzuri na madaktari wengi. Sisi tunaonunua pakiti barabarani tutajuaje kilichomo?

Mambo mengine matatu ya kukumbuka kuhusu mitishamba:

Kwanza, mimba. Baadhi ya dawa za "kufungua hedhi" au "kutembeza damu" hazifai kabisa kwa mjamzito, na vitabu vya Wachina wenyewe vinaonya hivyo. Hedhi ikichelewa, pima mimba kwanza. Wako waliokunywa dawa ya kufungua hedhi kumbe wamebeba mtoto waliyemwomba kwa miaka.

Pili, mchanganyiko wa dawa. Mzizi uitwao danggui umo katika dawa nyingi za Kichina za wanawake. Mgonjwa wa moyo anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, akiuongeza mzizi huo anaweza kutokwa na damu kupita kiasi. Anayetumia dawa za VVU, kifua kikuu, kisukari au shinikizo la damu asiongeze dawa yoyote ya miti kabla ya kumwambia daktari wake. Na asiache zile dawa zake kwa kuahidiwa kwamba mizizi itatosha.

Tatu, dawa ya hospitali iliyofichwa ndani ya mizizi. Katika nchi mbalimbali wapimaji wamekuta dawa za "asilia" zimechanganywa kwa siri na dawa kali za viwandani. Ndiyo maana nyingine huleta nafuu ya ajabu siku ya kwanza, na madhara mwezi wa tatu.

LULU ZA KUSAFISHA KIZAZI NA MASHINE YA KUSHIKA MKONONI

Siku hizi huuzwa vifuko vidogo vya mitishamba vilivyofungwa kwa kitambaa, ambavyo huitwa lulu. Mama huambiwa aviweke ukeni kwa siku kadhaa ili vivute uchafu. Kweli, vikitolewa hutoka ute na vipande vipande, naye husema, "Nimeona kwa macho yangu!" Mama mpendwa, hicho ulichoona mara nyingi ni ngozi laini ya ukeni iliyochubuliwa na dawa hiyo. Uke hujisafisha wenyewe. Ute mwepesi unaovutika kama ute wa yai katikati ya mwezi si uchafu. Waliofundishwa kupanga uzazi kwa njia ya asili wanajua kwamba hiyo ni alama ya siku za rutuba. Majimaji yenye harufu mbaya, ya kijani au ya njano, au yanayowasha, ni ugonjwa, nao una vipimo na dawa zake. Kitambaa kilichokaa ukeni kwa siku kadhaa huweza kuongeza maambukizo badala ya kuyaondoa.

Iko pia mashine ndogo inayounganishwa na kompyuta. Mtu hushika kipande cha chuma mkononi kwa dakika moja, kisha hutoka karatasi yenye orodha ya magonjwa yake: figo, ini, kizazi, mirija. Na kwa kila ugonjwa ipo chupa yake ya kununua. Kushika chuma mkononi hakuwezi kuonyesha uvimbe wa kizazi, wala mirija iliyoziba, wala saratani. Uvimbe huonekana kwa altrasaundi. Mirija huonekana kwa picha maalumu ya eksirei yenye dawa. Mlango wa kizazi huonekana kwa kutazamwa. Hakuna njia ya mkato.

MAMA ALIYEAMBIWA ASUBIRI

Tueleze kisa kimoja, bila jina. Mama wa miaka arobaini na kitu, mfanyabiashara wa dagaa, alianza kutokwa na damu kidogo baada ya tendo la ndoa. Akaambiwa na muuzaji kwamba ni chango. Akanunua dozi ya kwanza. Damu ikaongezeka. Akaambiwa, "Vizuri, damu chafu inatoka, dawa inafanya kazi." Akanunua ya pili na ya tatu. Ilipita miezi minane. Alipoletwa kwetu alikuwa mweupe kwa kupungukiwa damu, na majimaji yanayomtoka yalikuwa na harufu ambayo wauguzi huijua. Ilikuwa saratani ya mlango wa kizazi, nayo ilikuwa imeenea pembeni. Alipelekwa Taasisi ya Saratani Ocean Road. Mionzi ilimpunguzia damu na maumivu, lakini wakati wa kupona ulikuwa umepita. Aliacha watoto watano.

Ule unga haukumletea saratani. Ulichukua miezi yake minane, na miezi hiyo ndiyo aliyokuwa anaihitaji.

Msidhani kisa hiki ni cha nadra. Saratani ya mlango wa kizazi ndiyo saratani inayowapata wanawake wa Tanzania kuliko nyingine zote. Kwa makadirio ya kimataifa ya mwaka 2020, wanawake zaidi ya 10,000 waliipata katika nchi yetu kwa mwaka mmoja, na zaidi ya 6,500 walikufa. Nayo ni saratani inayozuilika. Huletwa na virusi viitwavyo HPV, na huchukua miaka mingi kukomaa. Katika miaka hiyo mlango wa kizazi huwa na mabadiliko ambayo mama hayasikii, lakini muuguzi anaweza kuyaona. Hupaka siki nyepesi, husubiri dakika moja, na penye mabadiliko hugeuka peupe. Mabadiliko madogo hutibiwa kwa kugandishwa kwa baridi au kuunguzwa kwa joto, mara nyingi siku ile ile, bila kulazwa.

Wanaohitaji zaidi kipimo hiki ni wanawake wa miaka 30 hadi 50, na wanaoishi na VVU waanze mapema zaidi. Kwa mabinti, chanjo ya HPV ilianza kutolewa nchi nzima mwaka 2018, na mwaka 2024 ilianza kutolewa kwa dozi moja, kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Wazazi, msiwafiche mabinti siku ya chanjo. Wala chanjo hiyo haifungi kizazi, kama inavyovumishwa.

Na tuseme hili kwa wanaoamini kwamba Wachina hutibu kila kitu kwa mizizi. Mwaka 2018 timu ya madaktari wa Kichina huko Zanzibar ilisaidia kuanzisha kituo katika hospitali ya Mnazi Mmoja. Hakikuwa kituo cha sindano. Kilikuwa kituo cha kuchunguza saratani ya mlango wa kizazi.

DALILI ZISIZOSUBIRI

Ukiona mojawapo ya hizi, usinunue dawa yoyote. Nenda kituo cha afya:

- Damu baada ya tendo la ndoa, au kati ya hedhi na hedhi.
- Damu yoyote baada ya hedhi kukoma kwa mwaka mzima au zaidi.
- Hedhi inayopita siku saba, au inayolowanisha kitambaa kila saa, au yenye mabonge makubwa.
- Majimaji yenye harufu mbaya, hasa yakiwa na maumivu ya tumbo na homa.
- Maumivu ya hedhi yanayoongezeka kila mwaka, au yaliyoanza ukubwani.
- Kukosa mimba kwa mwaka mmoja mkiishi pamoja bila kuzuia, au kwa miezi sita ikiwa mama amepita miaka 35.

Na hii ni ya kukimbilia hospitali usiku huo huo: hedhi imechelewa, tumbo linauma ghafla upande mmoja, na mama anasikia kizunguzungu au anazimia. Huenda mimba imetunga nje ya kizazi na mrija umepasuka.

Kwa Kigoma na Ujiji anzeni kliniki ya afya ya uzazi katika zahanati au kituo cha afya kilicho karibu. Wenye shida kubwa hupelekwa Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Maweni. Nenda na kalenda yako. Andika siku hedhi ilipoanza na ilipokwisha, na siku za maumivu. Kalenda ya miezi mitatu humsaidia daktari kuliko maneno mengi.

Binti mwenye maumivu ya kawaida ya hedhi aweke chupa ya maji ya moto iliyofungwa kwa kitenge juu ya tumbo, atembee, asilale kutwa nzima. Ibuprofeni ikinywewa mapema, maumivu yanapoanza tu, baada ya chakula, huzuia zile prostaglandini na husaidia wengi. Wenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo au mimba wasiitumie. Wenye pumu waulize kwanza.

UKIAMUA KWENDA KWA TABIBU WA KICHINA

Umekwisha kupimwa, ugonjwa unajulikana, na bado unataka kujaribu sindano kwa ajili ya maumivu. Ni haki yako. Uliza maswali haya kabla hujalala kitandani:

1. Je, amesajiliwa? Sheria ya mwaka 2002 iliunda Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, na tabibu wa aina hii anatakiwa kusajiliwa nalo. Omba kuona cheti. Tabibu wa kweli haoni aibu kukionyesha.

2. Je, sindano ni mpya? Kila sindano itolewe kwenye pakiti iliyofungwa mbele ya macho yako, itumike mara moja, itupwe. Sindano iliyotumika kwa mwingine inaweza kuleta VVU na homa ya ini.

3. Je, dawa ina jina, viungo vyake vimeandikwa kwa lugha unayoisoma, na ina tarehe ya mwisho wa matumizi? Kama hakuna, irudishe.

4. Je, anakuambia uache dawa za hospitali, au anaahidi kuponya saratani, au kukupa mtoto kwa siku kadhaa? Ondoka.

5. Je, anajua kama una mimba? Mwambie kabla ya jambo lolote.

NENO KWA AKINA BABA

Ndoa ikikosa mtoto, mama ndiye hutumwa kwa waganga, na mama ndiye huitwa mgumba na mawifi. Lakini katika ndoa nyingi zenye shida hii, karibu nusu, mume naye ana sehemu yake: mbegu chache, mbegu dhaifu, au maambukizo ya zamani. Kipimo cha mbegu za mwanaume ni rahisi kuliko vipimo vyote vya mama. Baba anayemnunulia mkewe pakiti kumi za mizizi huku yeye mwenyewe akikataa kupimwa, anatupa fedha ziwani. Nendeni wawili siku ile ile. Na mkikutwa na ugonjwa wa zinaa, tibiweni wote wawili, la sivyo mtaambukizana upya kila mwezi.

Akina mama, mwezi huu katika jumuiya zenu pangeni siku moja ya kwenda kliniki kwa pamoja kufanyiwa kipimo cha siki. Mkienda kumi, woga huisha, na nauli huwa ya kuchangiana. Dada aliyekwisha kupima awasindikize wengine. Na yule mwenye pakiti ya unga kabatini aje nayo, aiweke mezani mbele ya muuguzi, amweleze ni dalili gani ilimfanya ainunue. Hatutamgombeza. Tutaanzia hapo kumpima.